Kipindi Kinachonifuata Nyumba kwa Nyumba

Alhamisi moja nilimwacha mpishi wa kwenye televisheni akikaanga vitunguu sebuleni kwa Bi Mkubwa, nikamkuta anatia tui sebuleni kwa Mzee. Hapo katikati nilikuwa nimefunga mlango, nimerudisha ufunguo kwenye kile kisanduku cha ukutani chenye namba za siri, nimetembea dakika kumi na mbili kwenye manyunyu ya Erdington, hapa Birmingham, nimefungua kisanduku kingine, nimenawa mikono, nimevaa glavu. Mpishi yeye hakuwa na haraka. Alikuwa akisimulia likizo yake huku tui la kopo analimwaga lote kwa mkupuo kama anayemwagilia bustani. Mtoto wa Tanga nimesimama na soksi ya Mzee mkononi, nauma meno. Hakuna tui zito, hakuna tui jepesi, hakuna kukoroga lisikatike. Watangazaji wakaonja, wakafumba macho kwa utamu. Haya.

Kazi yangu ni kea. Mlioko Uingereza hamhitaji maelezo. Mlioko nyumbani: ni kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao, kuwaogesha, kuwavisha, kuwapa dawa, kuwapashia chakula, kuyaandika yote hayo kwenye simu, kisha mbio kwa mwingine. Nusu saa hapa, dakika arobaini na tano pale. Kampuni niliyoanza nayo ililipa dakika za ndani ya nyumba tu. Za njiani zilikuwa zangu na Mungu wangu.

Ndiyo sababu This Morning, kipindi cha ITV ya huku chenye yule mpishi, nimekuwa nikiitazama tangu 2017 na sijawahi kuiona nzima. Siku hizi inaanza saa nne asubuhi na kuisha saa sita na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, mubashara. Saa hizo ndizo za mzunguko wangu. Mwanzo nauona kwa Bi Mkubwa, katikati kwa Mzee, mwisho kwa mama mmoja mwenye paka watatu ambaye televisheni yake haina sauti. Mgeni akianza kulia nyumba hii, nyumba ya pili namkuta ameshaondoka na nafasi yake imekaliwa na mbwa.

Kwa wasiokijua: ni kipindi cha jarida, kama tunavyosema, yaani kila kitu kimo. Sofa, watangazaji wawili, na wageni wanaopokezana kama abiria wa daladala. Mwanasiasa anashuka, anapanda mwigizaji. Anashuka mwigizaji, anapanda daktari na bango la utumbo mpana. Halafu mitindo ya nguo, halafu mama aliyepotelewa na mtoto, halafu mapishi, halafu simu za watazamaji wenye matatizo ya ndoa. Na kila kabla ya matangazo ya biashara wanakuonjesha kinachofuata ili usibonyeze rimoti.

Nilipofika nchi hii na kuona herufi ITV pembeni mwa kioo nilicheka peke yangu. Kwa aliyekulia Ngamiani, ITV ni ile ya Mikocheni, Dar es Salaam, ya Reginald Mengi, iliyoanza 1994, ambayo kwanza tuliijua dirishani kwa jirani mwenye televisheni, tukisukumana vichwa. Nikamwambia mwenzangu wa chumba, "Kumbe Mengi ana tawi huku." Naye Mganda, hakuelewa mzaha.

Bi Mkubwa ndiye aliyenifundisha historia ya kipindi. Jina lake si langu kulitoa, namwita hivyo tu. Kazaliwa Liverpool, kaolewa Birmingham, lakini Liverpool haikumtoka. Kipindi kilianza tarehe 3 Oktoba 1988, na kilirushwa kutoka Albert Dock, bandari ya zamani ya Liverpool, kwenye yale maghala ya matofali mekundu. Watangazaji walikuwa mke na mume, Judy Finnigan na Richard Madeley. Nje, juu ya maji, ilielea ramani ya visiwa vya Uingereza, na mtabiri wa hali ya hewa akiruka juu yake kutoka kipande hadi kipande. Watu walikuwa wanakwenda kusimama ukingoni kumngoja atumbukie. Bi Mkubwa naye alikwenda, akiwa amerudi kwao kumsalimia dada yake. Hakutumbukia. Miaka zaidi ya thelathini imepita na bado anasikitika.

Mwaka 1996 kipindi kikahamia London. Richard na Judy waliondoka 2001. Haya mawili Bi Mkubwa ana siku anayajua na ana siku hayajui. Kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kufanya mashimo, kama kanga ya zamani ukiinyoosha juani. Asubuhi nyingine anatazama kioo muda mrefu, kisha ananiuliza, "Judy anaumwa?"

Mwanzoni nilimsahihisha. Bibi, Judy aliondoka siku nyingi. Akanitazama kama niliyemletea taarifa ya msiba, na asubuhi yote ikaharibika, uji hakula. Mara ya pili nikajibu, "Leo hayupo, Bibi." Akasema, "Sawa, bab," akala. "Bab" ndivyo watu wa Birmingham wanavyokuita, kama sisi tunavyosema "mwanangu" hata kwa asiye mwana. Liverpool yake yote na "bab" ameichukua kwa mumewe.

Ninayempenda mimi ni Alison Hammond. Ni wa hapahapa Birmingham, mama yake Mjamaika, aliingia kwenye televisheni kupitia Big Brother mwaka 2002, na tangu Januari 2021 ndiye anayeongoza Ijumaa pamoja na Dermot O'Leary. Mwanamke mnene, mweusi, anacheka mpaka sofa inasogea. Anacheka kama shangazi yangu Pongwe. Mwaka 2017 aliwahoji Harrison Ford na Ryan Gosling, na badala ya maswali ya filamu yakawa mazungumzo ya kijiweni, watu wawili maarufu wamekunja mbavu kwa kicheko. Ijumaa Bi Mkubwa hakubali nimwogeshe kabla Alison hajasalimia. Namwambia maji yanapoa. Ananiambia yapoe.

Nitasema ukweli: miezi ya kwanza kipindi kiliniudhi. Siku moja alikaa mama kijana aliyefiwa na mwanawe. Alieleza taratibu, bila kulia, jambo ambalo ni zito kuliko kulia. Mtangazaji akamshika mkono, akamshukuru, akageukia kamera, tukaenda kwenye matangazo ya dawa ya meno. Tuliporudi, warembo watano walikuwa wanapita na magauni ya majira ya joto. Nikasema kimoyomoyo, hawa watu hawana haya. Kwetu msiba una siku zake. Hutoki matangani ukaingia kwenye harusi kwa mlango uleule.

Basi nikiwa kwenye basi namba 11, lile linalozunguka kandokando ya mji mpaka unasahau ulipandia wapi, nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama na msiba wake. Mbele ya nyumba wanaume kwenye mikeka, kimya, tasbihi. Nyuma ya nyumba? Jamani. Tulikuwa wanawake thelathini tunamenya viazi na kuchambua mchele. Mtu analia, anapanguswa, dakika hiyohiyo mwingine anauliza bei ya sukari. Mmoja anaeleza dawa ya mgongo. Mwingine anasema fulani ana mimba na mume yuko Oman mwaka wa pili. Tunacheka mpaka tunazibana midomo na kanga ili mbele wasisikie. Kisha anaingia ndugu aliyetoka safari, anapiga yowe, na sote tunalia upya, na viazi mkononi. Hakuna aliyeona ajabu. Uani ndivyo kulivyo.

Nikaacha kukilaumu kwa kurukaruka. Lakini jambo moja bado linanikera. Uani kwetu yule mfiwa alikuwepo kesho yake, na kesho kutwa, na wanaomcheka na kumlilia ni walewale. Kwenye sofa anapewa dakika nane, anashukuriwa, anakwenda zake. Huwa natamani wamwache akae tu pembeni, na chai, wakati wanaonyesha magauni.

Kuna mambo huku wanayaona ya ajabu kumbe kwetu ni ya kila siku. Desemba 2017, ndiyo kwanza nimeanza kazi, alikuja mwanamke mmoja akasema ameachana na wanaume, sasa ana uhusiano na mizimu, tena si mmoja. Watangazaji wamekodoa macho. Mzee akapiga paja kwa kicheko. Mimi nikamwambia, "Hilo kwetu lina jina: jini mahaba." Nikamweleza dalili zake, na kwamba mtu huyo kwetu asingepelekwa kwenye televisheni, angepelekwa kwa shehe akasomewe, au kwa mganga akapungwe. Angalau angeingia Hekaheka, kile kipengele cha visa vya mitaani cha Leo Tena, redioni Clouds FM, na saa sita mchana mtaa mzima uwe umeshampata ni nani. Mzee akaniuliza kwa upole kama na mimi ninalo. Nikamwambia nikiwa na shifti kumi na mbili kwa wiki jini atanipata saa ngapi.

Mzee huyo alifanya kazi Longbridge, kiwanda cha magari, hadi kilipofungwa Aprili 2005. Anasema kipindi ni upuuzi mtupu. Ukishika rimoti anakoroma. Anajua kila mtangazaji kaingia mwaka gani, na Phillip Schofield alipoondoka Mei 2023, na siku chache baadaye akakiri kwamba aliuficha uhusiano wake na kijana mfanyakazi mwenzake, Mzee alikuwa na maelezo kuliko magazeti. Septemba ya mwaka uliotangulia, Malkia alipolazwa Westminster Hall watu wamuage, foleni ilifika kungojewa hadi saa 24, na Schofield na mtangazaji mwenzake Holly Willoughby wakashutumiwa kwamba wameruka foleni. Wao wakaeleza kwamba waliingia kama waandishi wa habari, kikazi. Wiki nzima kwa Mzee ilikuwa foleni, foleni. Mwingereza umwibie pochi atakusamehe, lakini foleni!

Ila kwa Mzee huyuhuyu ndiko nilikojifunza jambo ambalo mama yangu hakunifunza. Daktari wa kipindi alikuwa anazungumzia kukoma hedhi. Joto la ghafla, usingizi kukatika, kusahau majina ya vitu, hasira zisizo na mwenyewe. Mimi nina miaka arobaini na minane, nimesimama na beseni, nikahisi mtu kanivua nguo hadharani. Yote hayo nilikuwa nayo mwaka mzima, na nilikuwa nimeshaamua ni sukari, au ni hasad. Kwa mama yangu mambo hayo yalikuwa na neno moja tu, "utu uzima", linatamkwa huku anaangalia kando. Nikanyoosha mkono nizime sauti, kwa aibu ya kusikiliza na mwanaume mzee. Mzee akasema, "Acha."

Tukasikiliza wote, macho mbele, kama watu wawili kwenye kiti kimoja cha basi. Watazamaji wakapiga simu, mmoja wa Wales, mmoja sijui wapi, kila mmoja na jasho lake la usiku. Kilipoisha kipengele Mzee akasema, "Ndiyo maana unafungua dirisha langu kila asubuhi." Nikasema ndiyo, nadhani. Akanyamaza. Kisha akaniambia marehemu mkewe miaka ile alikuwa anatupa blanketi usiku na kwenda kulala chini kwenye sakafu ya jikoni. "Nilidhani kanikasirikia," akasema. "Sikumuuliza." Niliandika kwenye simu kwamba mteja amekula vizuri na yuko katika hali njema, kwa sababu hakuna mahali pa kuandika lile lingine. Wiki iliyofuata nikaenda kwa daktari wangu.

Turudi kwa Bi Mkubwa na simu. Kipindi kina mchezo: watazamaji wanajiandikisha, kisha mtangazaji anampigia simu mmojawapo. Ukipokea usiseme "halo". Unatakiwa utamke maneno ya siri ya siku hiyo, mara nyingi maneno ya kipuuzi, waliyoyataja mwanzoni. Ukikosea, wanakwenda kwa mwingine. Ukipatia, wanakuzungushia gurudumu.

Bi Mkubwa hakujiandikisha hata siku moja. Lakini maneno aliyakariri. Mtu asiyekumbuka kama amekunywa dawa saa moja iliyopita, maneno ya siri aliyashika hadi jioni, na simu ya mezani ikilia ananyakua na kuyatamka kwa sauti ya ushindi. Alimtamkia binti yake. Aliitamkia zahanati. Siku moja mratibu wa kampuni yetu alipiga kuuliza kama nimefika, akakaribishwa kwa sentensi ambayo hakuitegemea, akanipigia mimi kwa hofu: mteja amechanganyikiwa, andika ripoti, tumwite daktari? Nikamwambia mteja yuko sawa kabisa, anangoja paundi elfu moja.

Tarehe 5 Septemba 2022 gurudumu likanigusa na mimi. Ni siku ileile Liz Truss alipotangazwa mshindi wa uongozi wa chama chake. Bei za gesi na umeme zilikuwa zimepanda vibaya, na vipande vya gurudumu, badala ya fedha peke yake, vingine vikaandikwa bili za nishati: ukipata hapo, wanakulipia miezi kadhaa. Aliyepigiwa alikuwa na mita ya kulipia kabla. LUKU, kwa lugha yetu. Mimi nayo nilikuwa nayo, ile unachukua ufunguo wake hadi dukani, unaweka paundi kumi, unarudi nyumbani ukihesabu mizunguko ya mashine ya kufulia. Gurudumu likasimama kwenye bili. Yule mtu alivyofurahi! Bi Mkubwa akapiga makofi. Nilipofika kwa Mzee alikuwa amekwishawaka, anasema nchi iliyotengeneza magari sasa inapigia bahati nasibu moto wa kuota. Wengi walilalamika kama yeye, na kipindi kikabadilisha namna ya kuitaja zawadi. Mimi sikujua nikae upande gani. Nilikuwa nimeudhika, na nilikuwa nauonea wivu umeme wa mtu nisiyemjua.

Na 2020, tusiisahau. Vipindi vingine vya mchana vilisimama au vikaunganishwa. Loose Women, wale wanawake wanne wa mezani wanaoanza wakati mimi navaa koti niondoke, wakapotea hewani kwa muda. This Morning ikaendelea, watangazaji wamekaa mbalimbali kama mke na mume waliogombana. Kwa wazee wangu wale ndio waliokuwa watu pekee wenye nyuso. Mimi nilikuwa barakoa, miwani ya plastiki na aproni. Bi Mkubwa hakunitambua kwa wiki kadhaa. Alimwambia Holly Willoughby, kwenye kioo, "Huyu mgeni kaja tena." Nilimwogesha mtu anayenisengenya kwa televisheni, na nilikuwa nimesimama hapohapo.

Baridi iliyopita binti yake akaona hawezi tena kuishi peke yake. Amehamia nyumba ya wazee, upande wa pili wa mji, basi namba 11 linafika. Siku yangu ya mapumziko nikaenda, makusudi saa nne kasoro, nimebeba vitumbua kwenye bakuli. Nilikuwa nimejiwekea nia: leo nitakitazama kipindi chote, mwanzo hadi mwisho, nimekaa, bila glavu.

Ukumbini televisheni ilikuwa BBC, ile programu ya kununua nyumba mbovu mnadani. Rimoti ilikuwa mikononi mwa babu mmoja wa Kipunjabi mwenye kilemba cha bluu, ameikamata kwa mikono miwili. Nikamwamkia kwa heshima zote, nikaomba tubadilishe, mara moja tu. Akatikisa kichwa bila kunitazama. Nyumba ilikuwa ya Stoke-on-Trent, dari limeanguka, na yeye alitaka kujua itauzwa ngapi.

Bi Mkubwa akanigonga goti. "Tulia, bab. Judy anakuja baada ya hii." Akachukua kitumbua cha pili.

Nyumba ikauzwa. Babu wa rimoti akapiga mluzi, akageuka, akanionyesha bei kwa vidole, kisha akaona bakuli. Nikamsogezea.